Walinipa Mkono Kama Nimefiwa

Kama gazeti la juma lililopita limeshafungia vitumbua kabla hujalisoma, usihuzunike. Nakupa habari yote kwa mkupuo mmoja.

Mimi ni Lyle Brackett, mtoto wa Nebraska, huko Marekani ambako mahindi ni mengi kuliko watu na mpira ni ule wa kukumbatia kifuani na kukimbia nao. Nilikuwa sijafika hata miaka ishirini nilipovuka bahari kwenda Lohbrück, mji mdogo wa Ujerumani wenye klabu ya daraja la pili, kiwanda cha matairi na ukungu usiojua kuaga. Nilipewa mkataba wa majaribio, mwisho wake mapumziko ya Krismasi. Ukipendeza, unasaini wa miaka mitatu. Usipopendeza, unarudi kwenu ukavune.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Mimi winga wa kulia, nahodha wetu Holger Waldeck ananirushia zile pasi ndefu za kuvuka uwanja, nakimbia, watu wanapiga makofi. Halafu ghafla pasi zikakauka.

Nilikuachia pale nilipokuwa peke yangu kulia, beki kateleza kaanguka, goli liko wazi, nimeinua mikono juu kama mtu anayezama. Na Holger, aliyeniona kwa macho yake mwenyewe, akageuka akarudisha mpira kwa golikipa.

Leo nakwambia kwa nini. Au tuseme, nakwambia nilivyodhani ni kwa nini.

Turudi nyuma kidogo, mwezi wa kumi na moja.

Nilikuwa nakaa kwa Bi Ottilie Kersting, mjane ambaye klabu ilimpa kazi ya kulaza na kulisha wachezaji wageni. Mwaka ule mgeni nilikuwa mimi peke yangu. Jioni moja natoka mazoezini, namkuta anasukumia nguo kwenye sanduku. Dada yake kaanguka bafuni, nyonga imevunjika, anamkimbilia.

Nilitaka walau mtu mmoja ajue.

"Bi Kersting," nikasema, "kesho natimiza miaka kumi na tisa."

Akaruka kama kashika waya wa umeme. Akanifunika mdomo kwa kiganja chenye harufu ya vitunguu.

"Nyamaza! Usiseme!"

"Lakini mimi..."

"Kesho! Kesho ndiyo kesho! Leo hapana!" Akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Kila kitu nimekuachia mezani. Teksi hiyo imefika."

Akaondoka. Nikabaki ukumbini natazamana na makoti yaliyotundikwa. Nikasema moyoni, haya, hata mwenye nyumba hataki kusikia.

Jikoni nikakuta unga, sukari, siagi, matufaha kwenye bakuli, trei nzima ya mayai, na trei mbili kubwa za kuokea. Nikamhurumia mama wa watu. Kwa haraka zake ameacha meza ovyo! Nikaziosha zile trei, ambazo zilikuwa safi, nikazirudisha kabatini. Unga nikaupandisha juu. Mayai nikayakaanga kila siku mpaka yakaisha.

Nilijiona kijana mwenye adabu kweli kweli.

Sasa, kwetu Nebraska, siku yako ya kuzaliwa wewe ni bwana harusi. Kazi yako kukaa. Keki inakuja yenyewe, mishumaa inawaka, watu wanakuimbia, wewe unapuliza tu. Kwa hiyo asubuhi nikachana nywele, nikavaa shati la kola, nikapanda baiskeli kwenda klabuni.

Nafungua mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, timu nzima imeshafika. Mapema! Wamesimama. Moyo wangu ukapiga sarakasi.

Holger akatangulia. Akanipa mkono.

"Hongera kwa siku yako," akasema. Akaubana, akaachia, akasogea pembeni.

Akafuata golikipa wetu, Benno Rasch, jitu la miraba minne. Mkono. "Hongera." Akasogea. Akafuata Jörn, mshambuliaji. Mkono. Wakaja mmoja mmoja, kwa foleni, uso mkavu, mkono kwa mkono, mpaka mchua misuli.

Ndugu msomaji, ulishawahi kuwa mfiwa? Basi umeshaipata picha. Ilipungua kahawa chungu na mikeka tu.

Walipomaliza, hawakuondoka. Wamesimama, wananitazama. Mimi nimesimama, nawatazama. Nikasema labda sasa keki inaingia. Nikatabasamu kumrahisishia anayeileta.

"Kauboi," Benno akasema. Hilo ndilo jina walilonipa siku ya kwanza, ingawa ng'ombe nilikuwa namwona barabarani tu kama wao. "Kauboi, begi lako limebeba nini leo?"

"Viatu."

"Viatu tu?"

"Na taulo."

"Na kwenye gari?"

"Gari natoa wapi, Benno? Nimekuja na baiskeli."

Akaenda dirishani. Akaitazama baiskeli yangu kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa nyuma ya kiti kuna mbuzi amefichwa. Kisha akawageukia wenzake.

"Taulo," akasema. "Kaleta taulo."

Hakuna aliyecheka. Karibu na mabafu kulikuwa na rundo la sahani za karatasi. Mtu akazikusanya, akazirudisha kabatini. Sikuuliza. Mgeni haulizi sahani za watu.

Mazoezini nikasikia mngurumo, nikatazama mawinguni nikijua mvua inakuja. Kumbe ni matumbo ya watu.

Jioni nikaenda kwenye kibanda cha simu nje ya posta na kadi yangu. Miaka ile simu ya mkononi walikuwa nayo kocha na wauza magari tu. Nikapiga nyumbani. Kwetu bado mchana, mama yuko kazini, kwa hiyo mashine ya kurekodi ujumbe ikapokea.

Na ile mashine nani aliiingizia sauti? Mimi. Nilikuwa mtoto, sauti haijavunjika. "Habari! Hapa ni kwa kina Brackett! Hatupo nyumbani! Tuachie neno lako!"

Nikasikiliza mpaka mwisho. Nikapiga tena. Nikasikiliza tena.

Siku niliyozaliwa, mtu pekee aliyezungumza na mimi kwa furaha alikuwa mimi mwenyewe. Sikuacha neno lolote. Ningesema nini? Mama, wamenipa mkono?

Tangu siku ile jina likabadilika. Kauboi akafa, akazaliwa Taulo. "Taulo, sogea." "Taulo, mpira umetoka, kaulete." Wakati wa chakula naweka sahani yangu mezani, na meza, bila mtu kusema neno, inahama. Mmoja anakumbuka simu, mwingine anafuata chumvi na harudi. Nakula natazamana na chupa ya haradali.

Na uwanjani ndiyo usiseme. Nakimbia kulia, mpira unakwenda kushoto. Nahamia kushoto, mpira unakumbuka kwamba kumbe kulia kuna watu. Nilikimbia sana mwezi ule, msomaji wangu. Nilikuwa na pumzi za farasi na kazi ya bendera ya kona.

Nikamfuata kocha wetu, Strunk, mtu aliyetafuna maneno kama yanamuuma meno.

"Kocha, hawanipi mpira."

"Naona."

"Nimewakosea nini?"

"Mimi naamua nani acheze. Nani ampende nani, siamui." Akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. "Mechi ya mwisho kabla ya Krismasi ni na Tarrenfeld. Mkurugenzi Lüders atakuwa jukwaani, na baada ya filimbi anaamua habari yako. Atamtazama winga. Winga asiyegusa mpira ni mtazamaji aliyeingia bure."

"Sasa nifanye nini?"

"Uguse mpira, kijana."

Ushauri wa kitaalamu huo.

Nyumbani kimya. Saa ya ukutani ya Bi Kersting ndiyo iliyokuwa inaniongelesha, na hiyo nayo ilikuwa na neno moja. Nikaanza kuiaga asubuhi. Siku moja nikaisahau, nikarudi kutoka njiani kuja kuiaga. Hapo nikajua hali yangu si nzuri.

Ndipo Bi Kersting akarudi. Wiki ya mechi ya Tarrenfeld, nyonga ya dada imeungwa, yeye kachangamka. Kaingia mlangoni hata koti hajavua.

"Haya, mwanangu, niambie! Walikula? Walipenda?"

"Nani?"

"Wenzako!"

"Wapende nini?"

Akaweka sanduku chini taratibu. "Lyle. Trei zangu ziko wapi?"

"Kabatini. Niliziosha."

"Zilikuwa chafu?"

"Hapana."

"Na mayai?"

"Nilikula."

"Yote?"

"Yalikuwa mayai mazuri sana, Bi Kersting."

Akavuta kiti akakaa na koti lake, mkono kifuani. "Mama Maria," akasema. "Ameyakaanga."

"Nimekosea?"

"Mwanangu, siku yako ya kuzaliwa ulipeleka nini klabuni?"

"Taulo," nikasema. Neno lenyewe lilishanizoea.

"Hapa kwetu anayezaliwa ndiye anayelisha! Keki unaleta wewe, skonzi unaleta wewe, zile za nyama mbichi ya kusaga na vitunguu. Na wacheza mpira ndiyo wabaya zaidi. Siku ya mwenzao hawali kitu nyumbani. Wanakuja na njaa zao!"

Nikakumbuka ile mvua iliyonguruma.

"Kwetu anayezaliwa ndiye anayelishwa," nikasema.

"Kwenu ni kwenu. Na ulipofika, kiangazi kile, karamu ya kuingia uliwapa?"

"Karamu ya kuingia?"

Akafumba macho. "Basi ile walikusamehe, mgeni. Ya pili ndiyo wakakata tamaa."

"Kwa hiyo wananiona mchoyo."

"Afadhali mchoyo! Mchoyo wanamtania, maisha yanaendelea. Wewe wanaona umewakataa. Wamekuja, wamekushika mkono, wamesimama wanangoja kukaa na wewe meza moja. Ukawaonyesha taulo."

Nilitaka kucheka.  Mwezi mzima nimekula na haradali nikilia moyoni kwamba watu hawa hawanitaki, kumbe wao ndio walioondoka wakisema huyu mtoto hatutaki.

"Nimeshachelewa," nikasema.

"Kuchelewa ruksa!" Ameshainuka, anavua koti, anakunja mikono. "Kuchelewa si kosa hata kidogo. Kuwahi ndiyo mwiko. Leta hayo matufaha tumenye."

Kuchelewa ruksa, hilo nililishika kwa mikono miwili. Lile la kuwahi liliingia sikio hili likatokea lile, maana nilikuwa nawaza nyama ya kusaga inauzwa wapi. Kumbuka hapo, msomaji. Mimi sikukumbuka.

Ijumaa, mazoezi ya mwisho kabla ya mechi, Bi Kersting akanipeleka na kigari chake. Magoti yangu yako masikioni, trei ya keki mapajani, skonzi zimejaa kiti cha nyuma mpaka juu. Nikaingia chumbani kwa mgongo, nikisukuma mlango kwa makalio.

Vichwa vyote vikageuka.

"Nimechelewa," nikasema. "Kwetu mambo ni kinyume. Sikujua. Samahanini. Kuleni."

Benno akainuka. Akaja, akafunua karatasi, akainama akanusa kama daktari.

"Tufaha?"

"Tufaha."

"Na hizi ni za nyama na vitunguu?"

"Nimesaga leo asubuhi."

Akajinyoosha, akafungua mikono yake mikubwa kama kasisi. "Jamani, Taulo amefariki! Kauboi amefufuka!"

Msomaji wangu, chumba kililipuka. Sahani za karatasi zikatoka kabatini. Wakanipiga mgongo mpaka nikakohoa.

"Sasa wewe siku ile tulipokupa mkono ulidhani tunafanya nini?" Jörn akaniuliza, mdomo umejaa.

"Nilidhani kuna mtu wangu amekufa na mnaogopa kuniambia."

Jörn akapaliwa. Wakacheka mpaka mchua misuli akakaa chini. Hata Holger, kasimama ameegemea ukuta na sahani yake, alicheka akatikisa kichwa. Nikakaa benchi, bega huku la mtu, bega huku la mtu. Sikuwa nimeguswa na bega la mtu kwa muda ambao sitaki kuuhesabu.

"Na kesho tunakula tena!" Benno akasema. "Baada ya mechi. Kesho nahodha anatimiza thelathini na tatu, na mke wake anaoka kama malaika."

Kesho! Mimi, nikiwa nimelewa furaha, nikaona hii sasa ndiyo nafasi ya kuwaonyesha kwamba nimejifunza. Nikapanda juu ya benchi.

"Nahodha!" nikapaza sauti. "Hongera kwa siku yako!"

Nikaanza kuimba. Sauti kamili ya Nebraska, ile wakulima wa kwetu wanayoitia ng'ombe. Nikaimba mstari wa kwanza. Nikaimba wa pili. Nikagundua naimba peke yangu.

Benno amejifunika mdomo kwa kiganja.

"Kauboi," akanong'ona. "Ni kesho."

"Najua ni kesho. Nimewahi ili nisichelewe tena."

Beki wetu wa kushoto akagonga benchi la mbao kwa vifundo vya vidole. Jirani yake akagonga. Wakagonga wote, ko-ko-ko, kama mafundi. Mtu hapewi hongera kabla ya siku yake. Ni mkosi, na kugonga mbao ndiko kuufukuza. Hapo ndipo nikakielewa kile kiganja cha vitunguu mdomoni mwangu.

"Acheni ushirikina," Holger akasema. "Mtoto wa watu hajui."

Lakini alikuwa mweupe kama ule unga wa Bi Kersting. Akaweka sahani chini, akatoka. Keki yake ilikuwa nusu.

Mechi.

Uwanja umeloa, pumzi za watu zinatoka moshi. Mkurugenzi Lüders jukwaani na kofia yake ya manyoya. Mimi benchi. Kipindi cha kwanza bila bila. Kila Holger akigusa mpira, wenzangu pale benchini wananitazama mimi, kisha wanamtazama yeye.

"Ukae vizuri huko, Kauboi," mmoja akaniambia. "Usimwangalie sana."

Kipindi cha pili, Holger akapokea mpira katikati. Hakuna mtu karibu yake. Akainua kichwa, akavuta mguu nyuma kupiga ule mpira mrefu, na akaanguka. Hakuguswa na mtu, hakuteleza. Alikatika kama kiti kibovu.

Uwanja ukashusha sauti. Benchi zima likageuka kunitazama mimi.

"Siku yake ya kuzaliwa," beki wa akiba akasema. 

"Kauboi," Strunk akaniita. "Vua koti. Unaingia."

Nimesimama kwenye mstari, machela inapita. Nataka kuangalia pembeni. Mkono ukatoka kwenye ile machela ukakamata jezi yangu, ukanivuta chini mpaka sikio langu liko mdomoni mwake.

"Nahodha, nisamehe, mimi sikujua..."

"Nyamaza wewe, sikiliza. Siyo wewe."

"Lakini mkosi..."

"Mkosi gani, mjinga wee! Goti hili linaniuma tangu kiangazi, sasa limekufa kabisa. Nalichua nyumbani, mke wangu tu ndiye anajua. Zile pasi zako ndefu, unakumbuka? Siwezi kuzipiga tena. Mguu hautupi. Unakimbia vizuri, mtoto, nakuona kila mara, na kila mara inabidi nirudishe nyuma."

"Kwa nini hukusema?"

"Mkataba wangu unaisha kama wako. Wakijua nilificha, wananitupa nje na goti langu, na watoto watatu. Wakidhani limeumia leo kazini, klabu inanitibu." Akanivuta zaidi. Alikuwa ananukia tope na dawa ya kuchua. "Waache waamini ni wewe. Nakuomba. Kaka yako nakuomba."

Wakambeba.

Nikasimama pale na jezi imevutika shingoni. Mwezi wote ule nilijua katika uwanja ule mtu mpweke ni mmoja, na jina lake nalijua. Kumbe mwenzangu alikuwa katikati ya uwanja, na kitambaa cha unahodha mkononi, anapigiwa makofi.

"Unaingia au unapiga picha?" refa akaniuliza.

Nikaingia. Na pasi? Usiniulize. Mwezi ule nilinyimwa kwa sababu ya keki. Sasa nikanyimwa kwa sababu ya mkosi. Naita, Jörn anageuza shingo. Naita, beki wa kushoto anapitisha mpira mbali nami kama unapita makaburini. Jukwaani ile kofia ya manyoya haichezi.

Dakika zinayeyuka. Benno akadaka kona ya Tarrenfeld. Akatazama kushoto, wamekabwa. Akatazama katikati, wamekabwa. Akanitazama mimi. Niliona midomo yake inasema kitu, sijui ni sala au tusi. Akaupiga mpira juu, juu kabisa, ukaja ukanitua kifuani.

Basi nikakimbia. Mwezi mzima nilikuwa nakimbia bila mpira, sasa nimepewa na mpira, mbona kazi rahisi! Beki wa kwanza nikampita kwa nje, wa pili akakaa chini mwenyewe. Nikainua kichwa, nikapiga krosi, Jörn kichwa, goli.

Wote wakakimbilia kwake, kona ile ya mbali, wakarundikana. Nami nikakimbia, nimeinua mkono nigongeane na mtu. Nilipofika rundo lilikuwa linavunjika, wanarudi kati. Wakanipita huku na huku. Mkono wangu ukabaki juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa kwenda chooni. Nikautumia kujikuna kichwa.

Filimbi ya mwisho. Moja bila.

Kwenye korido, Lüders akaniita. Strunk yuko pembeni yake, anatazama viatu vyake. Mkurugenzi ana karatasi mkononi na kalamu imeshafunguliwa.

"Krosi ile," akasema, "niliipenda."

"Asante, Mkurugenzi."

"Miaka mitatu. Jina lako limeshaandikwa. Kilichobaki ni wino." Akaigonga karatasi kwa kalamu.  Nikamwona mama anapokea simu mwenyewe, siyo mashine. "Lakini kwanza nisaidie jambo moja. Daktari wangu anasema goti la Waldeck siyo la leo. La zamani. Waldeck anaapa ni la leo. Wachezaji wangu wanasema umelivunja wewe kwa kuimba." Strunk akakohoa. "Mimi siwezi kwenda bima kuwaambia habari za kuimba, Brackett."

"Hapana, Mkurugenzi."

"Nilikuwa jukwaani. Nina macho. Nilimwona anakuvuta jezi, na hakuwa anakupa hongera. Alikwambia nini?"

Nikaitazama ile karatasi. Nikisema, nabaki Lohbrück, mkosi unanitoka, na meza ya chakula haitahama tena. Na yule mtu anatupwa nje siku yake ya kuzaliwa.

"Nasajili watu wa kweli tu," Lüders akasema. Akanisogezea kalamu, lakini karatasi akaishika. "Jibu ni fupi. Goti lile ni la leo, au siyo la leo?"

Nyuma yake mlango wa chumba cha matibabu ulikuwa wazi. Holger amelazwa kitandani, mke wake kasimama na sanduku la keki halijafunguliwa, daktari ameinamia goti. Holger mwenyewe goti hakuwa analitazama. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikafungua mdomo. Kilichotoka, msomaji wangu, utakisoma juma lijalo.